Mkitia ethanoli kwenye petroli, andikeni pampuni

Kuna swali ambalo mwanaboda wa Kapsoit, kijana anayeshika mashine ya kuchuma majani chai huko Brooke na mvuvi wa Dunga hawajawahi kuulizwa, ilhali jibu lake litatoka mifukoni mwao: petroli ikichanganywa na pombe ya miwa, injini ikizima nani analipa?

Najua kuna msomaji ameshaguna. Kericho na boti wapi na wapi? Huku kwetu ni majani chai, mvua ya alasiri na mvua ya mawe. Boti tunaziona kwenye simu. Sawa, lakini fuata maji. Mto Kipsonoi unaopita Sotik na mto Yurith unaotoka upande wa Kericho hukutana vikawa Sondu, na Sondu huingia Ziwa Victoria. Sasa fuata mafuta, ambayo yanakuja kinyume. Kisumu, kilomita kama 80 kutoka mjini Kericho, ndiko iliko bohari ya Kenya Pipeline inayohudumia magharibi ya nchi. Na chini ya milima yetu, ukishateremka Fort Ternan, unafika Muhoroni, mji wenye kiwanda cha ethanoli. Mvuvi na mchuma chai hawajuani, lakini siku petroli ikibadilika, itabadilika kwao wote.

Ethanoli si kitu cha ajabu. Ni pombe, ile ile inayolewesha, ila imekamuliwa maji hadi ikawa kali ya kuchoma. Hapa Kenya hutengenezwa hasa kwa molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Wafugaji wa Bomet wanaijua vizuri sana molasi. Wanaichanganya na lishe ya ng'ombe kiangazi kikibana. Ukiichachusha na kuichemsha unapata ethanoli, na ethanoli ukiitia kwenye petroli, injini ya kawaida inaichoma. Mchanganyiko wenye ethanoli asilimia 10 unaitwa E10 kote duniani. Wa asilimia 20 ni E20. Hesabu ni rahisi hivyo.

Tena si jambo geni kwetu. Kampuni ya Agro-Chemical and Food ilianzishwa mwaka 1978 na kujenga kiwanda chake Muhoroni, na kuanzia 1983 hadi 1993 Kenya iliuza petroli yenye ethanoli asilimia 10. Wazee waliokuwa na magari enzi hizo waliiita gasoholi. Mradi ukafa. Hesabu za bei hazikukubali, na sera haikuwa na mtu wa kuisimamia kwa muda mrefu. Karibu mwaka 2010 wazo lilirudi, safari hii likilenga kuanzia Kisumu, lakini halikuwahi kuwa kitu cha kawaida kwenye pampu. Majirani nao hawakulala. Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982. Uganda ilipitisha sheria yake ya mafuta ya mimea mwaka 2020. Kila bei ya mafuta inapopanda hapa kwetu, kuna kiongozi anasimama jukwaani kuuliza kwa nini tunanunua kila tone kutoka ng'ambo ilhali miwa tunayo.

Ni swali zuri, na mimi sitalikejeli. Kaunti ya Kericho yenyewe si chai tupu. Teremka Soin, teremka Sigowet, utakuta miwa. Wakulima wa huko wamezeeka wakingoja malipo ya viwanda vilivyokuwa taabani. Kiwanda cha Muhoroni kilikuwa chini ya mrasimu kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2025 serikali ikakodisha viwanda vinne vya sukari, Muhoroni na Chemelil vikiwemo, kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30. Kijana wa Soin akipata soko la uhakika la molasi, bei ya muwa wake inaweza kupanda. Anayepinga ethanoli bila kumfikiria kijana huyo hajui tunavyoishi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: ethanoli ije, lakini isije kimyakimya. Siku ya kwanza itakapoingia kwenye petroli, kila pampu iandikwe asilimia yake kwa herufi kubwa, na kila mji na kila ufuo wa wavuvi ubakiziwe angalau pampu moja ya petroli isiyo na ethanoli. Sababu ni kwamba gharama ya mafuta haya haigawanyiki sawa. Mwenye gari jipya hatahisi chochote. Mwenye injini ndogo ndiye atakayehisi.

Tuingie gereji kidogo ili tuelewane.

Petroli na maji haviivani. Tia maji kwenye tangi la petroli, yatazama chini na kukaa huko. Fundi anafungua skrubu ya chini, anayamwaga, kazi inaendelea. Ethanoli ni tofauti, kwa sababu pombe na maji ni marafiki wa chanda na pete. Petroli yenye ethanoli huvuta unyevu na kuubeba ndani yake, na kwa kiasi kidogo hilo ni jambo zuri, kwa maana maji yale yanapita injinini na kuchomwa bila wewe kujua. Tatizo ni kwamba ina kipimo chake. Kwa E10, kipimo hicho ni kama nusu ya asilimia moja. Kwa lugha ya jikoni, ni kijiko kimoja cha chai cha maji kwa kila lita. Na mafuta yakipoa, kipimo hicho hupungua.

Ukivuka hapo, mafuta yanaachana. Maji hayashuki peke yake, yanaiburuta ethanoli hadi chini. Sasa kwenye mtungi wako una tabaka mbili. Juu kuna petroli iliyopungukiwa nguvu zake, chini kuna mchanganyiko wa pombe na maji, na si kijiko kimoja tena. Mtungi wa lita tano za E10 una nusu lita ya ethanoli ndani yake, na sehemu kubwa ya hiyo inaweza kuteremka pamoja na maji. Ukimwaga petroli mpya juu yake ukitikisa, unajidanganya. Hayarudiani ukayategemea tena.

Sasa jiulize ni wapi Kenya penye mvua na baridi ya usiku kuliko vilima hivi vya chai. Kericho iko kwenye kimo cha kama mita 2,000. Chai inapapenda kwa sababu hiyo hiyo: unyevu karibu mwaka mzima. Pahali panapolea chai vizuri ndipo petroli yenye ethanoli inapohitaji kuangaliwa zaidi. Tangi la kituo lililozikwa ardhini na kuvuja mfuniko, mtungi uliosahauliwa nje ya stoo, boda iliyolala kwenye mvua na kifuniko chake cha tangi kimeharibika mpira. Hivyo vyote leo ni usumbufu tu. Kukiwa na ethanoli, vinakuwa hasara.

Pima uzito wa hasara hiyo kwa injini tatu.

Ya kwanza ni ya boti. Pale Dunga, Mbita na Homa Bay, wavuvi wengi hutegemea injini ya nyuma ya boti, na nyingi ni za kuchanganya oili, zile mafundi huita tu-stroku. Injini hizi hazina oili ya kukaa chini kama ya gari. Oili yao inatiwa ndani ya petroli na kupita nayo. Sasa kumbuka zile tabaka mbili. Oili hubaki juu na petroli. Lakini bomba la kunyonya mafuta huishia chini ya tangi, na huko chini kuna pombe na maji matupu. Kwa hivyo injini hunyonya kitu kisichochomeka vizuri na kisicho na oili kabisa. Kwa bahati nzuri itazima. Kwa bahati mbaya itazunguka kavu mpaka pistoni ikwaruze na kushikana.

Gari likizima Chepsir, unalisukuma kando na kumpigia fundi. Boti ikizima katikati ya ziwa saa kumi za usiku, upepo ukiwa unaanza, hakuna kando ya kusukumia. Ndiyo maana nchi zilizotangulia zilianza kusikia kilio kwa watu wa boti kabla ya watu wa magari. Marekani, miaka ya 2000, ethanoli ilipoingia kwa wingi katika majimbo ya kaskazini mashariki, wenye boti za zamani zenye matangi ya faibaglasi walikuta ethanoli inayayusha matangi na uchafu wake unaingia injinini. Wavuvi wetu hawatumii matangi ya namna hiyo, wengi wana matangi madogo ya kubeba mkononi. Lakini somo ni lile lile. Boti hukaa majini, hukaa muda bila kutumika, na tangi lake hupumua hewa yenye unyevu mchana na usiku. Kitu kibaya kwa mafuta ya ethanoli ni hicho hicho.

Injini ya pili iko mashambani kwetu. Mashine za kuchuma majani chai zina historia chungu hapa. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine kadhaa katika shamba kubwa la Kericho wakisema zimewanyang'anya kazi, na mtu mmoja akafa katika makabiliano na polisi. Hasira hiyo haijaisha, na sitaimaliza leo. Ninachosema ni kwamba kijana anayeishika mashine ile mabegani, pamoja na yule wa msumeno wa mafuta na yule wa mashine ya kufyeka nyasi, wote wanabeba injini ndogo ya kuchanganya oili, sawasawa na ya mvuvi. Oili ikiachana na petroli, mashine inakufa kwa namna ile ile. Shamba kubwa lina stoo, lina fundi wa mshahara, lina vipuri. Kijana aliyenunua msumeno kwa mkopo wa chama ili apasue mbao Londiani ana nini? Ana msumeno ule tu.

Injini ya tatu ni boda, na hapa ndipo wengi wetu tunahusika. Nyingi ya pikipiki tunazopanda Kericho, Litein na Bomet zimetengenezwa India. India yenyewe ilifikisha ethanoli asilimia 20 katika petroli yake mwaka 2025, miaka mitano kabla ya tarehe iliyokuwa imewekwa mwanzo. Pikipiki zake mpya zinaundwa zikijua hivyo, lakini mwaka huo huo wenye pikipiki na magari ya zamani walipiga kelele kuhusu mipira kuharibika na mafuta kuisha haraka. Sisi huku tunaendesha pikipiki mpaka tairi zinaimba. Boda ya miaka minane yenye kabureta ya tatu si pikipiki mpya ya Delhi.

Hebu tupige hesabu ya mafuta yenyewe. Lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya lita ya petroli. Ukichanganya asilimia 10, nguvu ya lita nzima inapungua kama asilimia 3. Unasema asilimia 3 ni kitu gani? Mwanaboda anayetia mafuta ya Sh500 kwa siku, asilimia 3 ni Sh15. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni Sh390. Hiyo ni unga, au ni mchango wa chama, au ni data ya mwezi. Kama bei ya lita itapungua kwa kiasi hicho, hakuna aliyeibiwa. Bei ikibaki pale pale, basi mtu fulani amekula Sh390 za kila mwanaboda wa nchi hii bila kuomba.

Na ethanoli inafua pia. Ni kiyeyushi. Tangi lenye masizi na gundi ya miaka mingi, ethanoli inakuja kuibandua yote na kuipeleka kwenye filta na kwenye tundu dogo la kabureta. Wiki chache za kwanza mafundi watajaa kazi. Mteja atamlaumu fundi, fundi atamlaumu muuzaji wa mafuta, muuzaji atasema mafuta yake ni safi, na kweli yatakuwa safi. Hakuna atakayejua kilichobadilika, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sehemu kubwa ya madhara ya ethanoli yanaepukika. Watengenezaji wengi wa injini za boti na misumeno wanaruhusu hadi asilimia 10, ila si zaidi. Mipira ya kisasa inaivumilia. Mafuta yakitumika haraka hayapati nafasi ya kuachana. Lakini huwezi kuepuka kitu usichojua kipo. Mvuvi atajuaje kutoacha mafuta kwenye tangi mwezi mzima? Fundi wa jua kali atajuaje kubadilisha mpira kabla haujalainika? Kibandiko kwenye pampu si urembo. Ndicho kitu kinachomfanya mtu maskini aweze kujilinda mwenyewe.

Wenzetu walilifahamu hili. Uingereza ilipofanya E10 kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021, pampu ziliandikwa, serikali ikaweka tovuti ya kuangalia kama gari lako linaiweza, na mafuta ya E5 yakabakizwa kwenye daraja la super kwa ajili ya magari ya zamani na mashine ndogo. Marekani nayo, petroli ya E15 ina kibandiko cha rangi ya chungwa na nyeusi kinachosema wazi kwamba haifai kutiwa kwenye boti wala mashine ndogo za petroli, na kwamba kufanya hivyo ni kuvunja sheria. Kibandiko kile ni karatasi tu ya kunata. Gharama yake haifiki hata ya kikombe cha chai kwenye hoteli ya kando ya barabara.

Kuna watakaosema napiga kelele kabla ya mvua. Kwamba mpango huu umesemwa miaka na miaka na haujafika. Jibu langu ni kwamba sheria huandikwa kabla ya mafuta kufika, na ikishaandikwa bila sisi, tutakuwa tunaomba kubadilishiwa badala ya kusikizwa. Wengine watasema watu wetu hawasomi vibandiko. Hawa sijui wanaishi wapi. Mwanaboda anajua bei mpya ya EPRA usiku ule ule wa tarehe 14, kabla hata redio haijamaliza kuisoma. Anajua kituo gani kinapunja na pampu ya ngapi. Mtu anayehesabu senti kwa lita atasoma asilimia kwa lita.

Nataka mambo manne, na siyo mengi.

La kwanza, asilimia ya ethanoli iandikwe kwenye kila pampu na kwenye kila risiti. EPRA inapotangaza bei kila tarehe 14, itangaze na mchanganyiko. Ukibadilika kutoka 5 hadi 10, tusikie kabla, tusigundue barabarani.

La pili, ibaki pampu isiyo na ethanoli. Si lazima kila kituo. Lakini kila mji wa kaunti, na kila ufuo mkubwa wa ziwa, uwe nayo, na bei yake isiwe adhabu. Mvuvi asilazimishwe kuchagua kati ya usalama wake na faida ya siku.

La tatu, matangi ya vituo yakaguliwe maji kabla ya mafuta mapya kumiminwa. EPRA tayari hupima vituo kutafuta mafuta yaliyochakachuliwa. Basi ipime na maji pia, na ianzie huku kwenye mvua. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta taa ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, na mama aliyekuwa akipikia mafuta taa ndiye aliyeumia. Tumeshaona jinsi sera ya mafuta inavyoweza kumlenga mjanja ikampata mnyonge. Isirudiwe.

La nne, mafundi wafunzwe kwanza. Vyuo vya ufundi vya kaunti viko, na mafundi wa jua kali wanajulikana kwa majina kwenye kila steji. Siku mbili za mafunzo kuhusu mipira, filta na tabaka za mafuta zitaokoa injini nyingi kuliko hotuba yoyote ya waziri.

Wakati tunangoja, mambo haya yatakusaidia hata leo, kwa maana petroli ya kawaida nayo huharibika na maji huingia popote. Nunua mafuta ya wiki mbili au tatu tu, usiweke akiba ya miezi. Mtungi wako uwe mzima, umefungwa vizuri na umejaa, kwa sababu nafasi tupu ndani ya mtungi ni nafasi ya hewa yenye unyevu. Weka kivulini, mbali na moto na mbali na mahali watoto wanalala. Mafuta ya chupa ya soda kando ya barabara yaache. Hujui yamekaa jua na mvua ngapi.

Mashine isiyotumika kwa muda, mwaga mafuta yote ya tangi, kisha iwashe iunguze yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Ukichanganya oili, fuata kipimo cha kitabu cha mashine, changanya ya siku chache, na kabla ya kutia, tikisa mtungi kisha mimina kidogo kwenye chombo cha kioo uangalie. Yakiwa na ukungu, au ukiona mstari unaogawa rangi mbili, usiyatie. Na usiyamwage mtoni, maana huo mto ndio Sondu, na Sondu ndiyo maji ya mtu mwingine huko chini. Mpelekee fundi anayejua kuyatupa kwa usalama.

Mpira wa mafuta uukague kwa vidole. Ukinata, ukiwa laini kama ngozi ya ndizi mbivu au ukionyesha nyufa, ubadilishe. Filta ndogo ya akiba iwe chini ya kiti. Kwa wenye boti, filta inayotenganisha maji ni bora kuliko ile ya kawaida, nayo ikaguliwe kila asubuhi. Kisha kuna vitu ambavyo havitegemei aina ya mafuta hata kidogo: kasia mbili na jaketi la kuokoa maisha kwa kila aliyemo.

Na kama unashuku petroli yako ina ethanoli, kuna jaribio rahisi. Chukua chupa nyembamba ya kioo iliyo safi. Tia maji kipimo kimoja, kwa mfano mililita 20, uweke alama. Ongeza petroli vipimo tisa, yaani mililita 180. Funga, tikisa, fungua kidogo kutoa mvuke, kisha uache itulie. Fanya hivyo nje, mbali na jiko, mbali na sigara. Maji yakibaki pale pale kwenye alama, petroli haina ethanoli. Tabaka ya chini ikipanda, ina. Ikiwa ni E10, itapanda karibu mara mbili. Kikundi cha wanaboda kikifanya jaribio hilo kwenye steji mara moja kwa mwezi, kikapiga picha, hakuna atakayewadanganya.

Lakini sikubali kwamba kazi hii iwe yetu peke yetu. Raia hapaswi kugeuka maabara ili ajue anachonunua. Paketi ya majani chai tunayouza nje ya nchi huandikwa uzito, tarehe na ilikotoka, na ikikosa, mnunuzi wa ng'ambo anairudisha. Tunawaheshimu wanywaji chai wa London kiasi hicho. Mwanaboda wa Silibwet, anayelipa ushuru kwa kila lita anayotia, anastahili maandishi ya neno moja na nambari moja kwenye pampu.

Wabunge wa Kericho na Bomet wana wapiga kura wa miwa chini na wa chai juu. Hawana sababu ya kuchagua upande. Wapiganie ethanoli kwa ajili ya Soin, na wapiganie kibandiko kwa ajili ya Litein, katika mswada mmoja. Wakutane na wenzao wa Kisumu na Homa Bay, kwa sababu ziwa na vilima vinakunywa kutoka bohari moja. Na wewe unayesoma hapa, mwakilishi wako akija kuomba kura akikuahidi mafuta ya bei nafuu kutoka kwa miwa yetu, mpigie makofi, kisha muulize yataandikwa wapi.